Ahadi Yako Umempa Nani?

Kila mkatekumeni, siku alipokuja kuandikwa jina, alitoa neno. Hakusema tu, "Nataka kujifunza." Alisema, "Nataka kumfuata Yezu Kristu." Neno kama hilo si mazungumzo ya kando ya moto. Ni ahadi. Na ahadi ina tabia hii: siku ya kuitoa ni nyepesi, siku ya kuishika ni nzito. Mtu humwahidi jirani jioni, ameshiba, ya kwamba atamsaidia kuvuna mpunga. Lakini mpunga huvunwa juani.

Basi leo tutafakari ulizo moja: shida zikimpata Mkristu ndani ya maisha ya Eklezia, je, ahadi yake bado yamfunga? Wengine hujibu "Ndiyo" upesi, bila kufikiri. Wengine hujibu kwa miguu yao: Dominika moja hawaonekani, ya pili hawaonekani, mwisho jina lao linabaki katika daftari tu. Ili kujibu vema, yafaa kwanza kuuliza ulizo lingine: ahadi hiyo umempa nani?

Kama ulimpa katekista kwa sababu anaimba vizuri, ahadi yako itakwisha siku atakapogombana nawe. Kama uliwapa rafiki zako, itakwisha siku watakapoondoka kwenda machimbo ya Kalima au Kailo. Kama uliipa furaha ya moyo wako, itadumu muda ule ule wa furaha hiyo. Bali kama ulimpa Kristu mwenyewe, ni nani awezaye kuifuta? Yeye hakugombana nawe. Yeye hakuondoka.

Tuipime sasa kwa shida zenyewe, moja moja.

Shida ya kwanza ni makosa ya watu wa Eklezia. Haifai kuificha. Pengine mwenye kuongoza sala ni mlevi. Pengine aliyeshika fedha za kapela amezila. Pengine wabatizwa wawili wamenyimana salamu mwaka mzima, na kila Dominika wanakaa benchi moja. Mkatekumeni akiona hayo huumia moyo, na maumivu yake ni ya haki.

Lakini tazama watu wavukao Lualaba hapa Kindu kwenda Alunguli. Mtumbwi ukiwa katikati ya mto, wapiga kasia wakaanza kutukanana. Je, msafiri ajitupe majini kwa hasira? Hakupanda mtumbwi kwa ajili ya adabu ya wapiga kasia. Alipanda ili afike ng'ambo. Hasira yake ni ya haki, lakini maji hayajui haki ya hasira yake.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alishindana miaka mingi na watu waliosema kwamba sakramenti za mhudumu mwovu si kitu. Yeye alifundisha kwamba anayebatiza kwa kweli ni Kristu, hata kama mkono umwagao maji ni mkono wa mwenye dhambi. Mafundisho hayo ni faraja kubwa kwa maskini. Maana kama neema ingetegemea usafi wa mtu, sisi tungejuaje kama tumebatizwa?

Je, basi kudumu ni kunyamaza mbele ya ubaya? Sivyo hata kidogo. Yezu mwenyewe ametuonyesha njia katika Injili ya Matayo: umwendee ndugu aliyekosa, ninyi wawili peke yenu, asiposikia, uchukue mmoja au wawili pamoja nawe, asiposikia tena, uwaambie Eklezia. Aondokaye kimya amemwacha mkosefu katika kosa lake, na wadogo amewaacha bila msaada. Abakiye na kusema ukweli kwa heshima ndiye aipendaye nyumba ya Mungu. Mtoto hahami kwao kwa kuwa paa linavuja. Hukata majani akaliziba.

Shida ya pili ni hofu. Nchi yetu imeijua hofu. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, juu ya mto huu huu wa Lualaba, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililohudumia jimbo la Kindu. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji wa Kindu mwezi wa Julai, wakaushika hata tarehe 5 Novemba. Katika miezi ile watu wengi wa Maniema waliuawa, na Wazungu wa mji walishikwa, wamisionari pamoja nao.

Mwaka ule ule, tarehe 28 Novemba, damu ilimwagika kule Baraka na Fizi, karibu na ziwa Tanganyika. Huko Baraka aliuawa Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha watu. Askari walipotaka kumchukua katika gari lao alikataa, akapiga magoti kando ya maiti ya ndugu yake, akauawa hapo. Siku hiyo hiyo huko Fizi waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, padri mzaliwa wa nchi hii, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa huko Isiro kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake kwa ajili ya mkubwa wa askari. Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985 huko Kinshasa. Nao wale wanne wa Baraka na Fizi ilitangaza heri yao huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Mkatekumeni akisikia hayo aweza kusema moyoni, "Mimi sina nguvu hizo. Mimi nikisikia bunduki nitakimbilia porini." Je, akimbiaye amevunja ahadi?

Tujibu kwa mfano wa Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago. Mwaka 250 Kaisari Desio aliwaamuru watu wote kutoa sadaka kwa miungu. Sipriani alijificha, na toka mafichoni aliwaandikia barua Wakristu wake ili kuwaongoza. Wengine walimlaumu wakasema, "Mchungaji amekimbia." Lakini mwaka 258, mateso yalipoanza tena, aliletwa mbele ya liwali, akakataa kutoa sadaka, akakatwa kichwa. Mtu ni yule yule. Alipokimbia hakumkana Kristu. Alipokufa hakujitafutia sifa. Yezu mwenyewe aliwaambia wafuasi wake wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Kwa hiyo, kuokoa uhai wako na wa watoto wako si kuvunja ahadi. Kuvunja ahadi ni kumkana yule uliyempa. Miguu yaweza kukimbia, na moyo ukabaki palepale.

Na huyu aliyemkana kweli, aliyeanguka kwa hofu au kwa tamaa, je? Hii ndiyo shida ya tatu, na imewapoteza wengi kuliko bunduki. Mtu ameanguka, ameona haya, naye asema, "Sasa siwezi kurudi, watu watanicheka." Katika Karthago ile ile, Wakristu wengi walikuwa wametoa sadaka kwa miungu. Wengine walitaka wafukuzwe milele. Wengine walitaka wapokelewe mara moja, kama vile hakikutendeka kitu. Mwaka 251 maaskofu walikutana wakaamua: walioanguka wasikatiwe tumaini, lakini wafanye kitubio cha kweli. Hawakuliita kosa dogo, wala hawakufunga mlango. Petro naye alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, akakabidhiwa kondoo. Ahadi iliyovunjwa na mtu, Kristu kwa upande wake bado anaishika. Kwa hiyo anayerudi haanzi upya na mgeni. Anarudi kwa yule anayemngoja.

Iko shida ya nne, nzito kuliko zote, nayo haitoki kwa watu. Mama amesali usiku kucha kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na alfajiri mtoto amekufa. Ndugu wanamjia, wanamwambia, "Mungu wako amekusaidia nini? Twende kwa mganga, atutajie mchawi." Hapo maneno mengi ni kelele. Hatutamwambia mama huyo kwamba tunajua sababu ya Mungu, maana hatuijui. Twaweza tu kumwonyesha Mama mwingine, aliyesimama chini ya msalaba. Bikira Maria hakuweza kuondoa misumari. Hakupewa maelezo. Lakini hakuondoka. Alikuwa hakumpa Mungu ahadi ili alipwe. Alimpa kwa sababu alimpenda. Uaminifu ukifika hapo, hauna tena sababu nyingine ila yule mwenyewe aliyeahidiwa. Nasi wengine tuna kazi: kuketi msibani na mama huyo, kumchotea maji, kumpikia, na kukataa kwa sauti kwamba bibi kizee wa jirani ashitakiwe uchawi.

Huenda sasa waniuliza, "Nitajifunza wapi uaminifu wa namna hiyo?" Si siku ya vita. Siku ya vita huonyesha tu yale yaliyojifunzwa kabla. Kijana mmoja wa Goma, Floribert Bwana Chui, alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 watu walimpa fedha ili aruhusu chakula kilichooza kiuzwe kwa raia. Akakataa, naye akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Tazama: hakuulizwa juu ya Utatu Mtakatifu. Hakuambiwa akanyage msalaba. Aliulizwa juu ya magunia ya chakula. Ahadi yake ilipimwa kazini, mbele ya fedha, siku iliyofanana na siku nyingine.

Kwa hiyo wewe nawe, anza na yaliyo mkononi mwako. Uliahidi kufika mafundisho siku ya Jumatano: fika, hata kama njia ina matope na padri hayuko. Ulikopa kibaba cha mchele: rudisha kibaba kizima. Ulimwambia mkeo kwamba hutaleta mwanamke wa pili: usilete, hata kama mjomba anakucheka. Sali asubuhi hata siku ambayo moyo ni mkavu kama ukuni. Bandu bandu huisha gogo; na kwa njia hiyo hiyo ya kidogo kidogo moyo wa mtu huchongwa hata uweze kusimama.

Usiku wa Pasaka, mkatekumeni akifika mbele ya kisima cha ubatizo, ataulizwa maswali mafupi, naye atajibu kwa sauti yake mwenyewe. Pembeni watasimama katekista na makosa yake, wabatizwa na magomvi yao, na ndugu zake wanaomcheka watakuwa nje. Asiwatazame hao. Amtazame yule anayeulizia. Kisha ajibu polepole, akijua ni nani anayempa neno lake.