Mshindwa na Haki ya Kuhukumu

Je, ni halali mtu aliyeshindwa hadharani kuketi baadaye katika kiti cha kuwahukumu wenziwe? Swali hili hunijia kila nimkumbukapo Andrew Coltart, Mskoti mzaliwa wa Dumfries, aliyetwaa ushindi wa Qatar Masters huko Doha mwaka 1998, kisha, baada ya kuacha mashindano, akawa mtangazaji wa gofu katika televisheni.

Mwezi wa Septemba 1999, huko Brookline, Marekani, katika Kombe la Ryder, shindano la gofu kati ya Ulaya na Marekani, nahodha wa Ulaya Mark James alimweka nje siku mbili nzima, ilhali wenziwe wa Ulaya wakijipatia pointi 10 dhidi ya 6. Na siku ya tatu, pasi na kuwahi kupiga mpira hata mmoja wa shindano lile, akatolewa kumkabili Tiger Woods, mbele ya umati uliomshangilia hasimu wake. Alishindwa, Woods akimtangulia kwa mashimo matatu huku yakisalia mawili, na Ulaya ikalikosa kombe kwa tofauti ya pointi moja.

Wako wadaio kwamba hukumu ni haki ya washindi. Sikubaliani nao, kwani mtu aliyeinamia mpira akijua kwamba maelfu wanamwombea akosee ana yakini ya aliyeonja, si ya aliyesimuliwa, na ushahidi wa namna hiyo hata kadhi mkali angeupokea. Kumnyima kiti kile kwa ajili ya siku moja ya Brookline ni dhuluma.