Kivuli cha Lwanda Magere

Kwenye matanga fulani hapa Rangwe, mpiga nyatiti alifika pale Lwanda Magere anapoanguka. Pete ya chuma kwenye kidole cha mguu wake iligonga ubao wa ala, na vijana wakapaza sauti: "Oa Lango uone!" Nami nikapiga makofi. Mke wa binamu yangu, binti wa Kikipsigis, yaani wa Lango kama tuwaitavyo sisi Waluo, aliyekuwa akipakua ugali, aliweka mwiko chini akaenda nyuma ya jikoni. Nilimwona. Nikaendelea kupiga makofi.

Ndugu zangu, wimbo huu tunaupenda, lakini tumeushika upande mmoja. Masimulizi yanasema shujaa huyu wa Kano, ambaye mikuki haikumwingia, aliletewa msichana na maadui zake wa Lango. Wazee walimkataza asimwoe. Alipougua na wembe ukashindwa kupasua ngozi, ni yeye mwenyewe aliyemwambia mke achanje kivuli. Damu ikatoka. Mke akatoroka kwenda kwao na siri ile, na vita vilipoanza tena Lwanda akatoka juani na kivuli chake kama siku zote. Mkuki ulichoma kivuli, naye akageuka jiwe ambalo hadi leo watu huonyeshana. Onyo la wazee, siri iliyotolewa, mke aliyetoweka: ishara zote hizo tunazipita mbio ili tufike kwenye hila ya mwanamke.

Wajerumani nao wana shujaa wao, na kisa chao cha onyo lililopuuzwa. Mwaka wa 9 BK, jemadari Varus aliingiza vikosi vitatu vikubwa vya Roma katika msitu wa Teutoburg, vikaangamia humo. Aliyewatega, Arminius, alikuwa ametumikia jeshi la Roma na kula mezani kwa Varus. Segestes, mkuu wa kabila lile lile la Arminius, alimwonya Varus waziwazi, hata akamwambia awafunge wakuu wote, yeye mwenyewe akiwemo. Varus akaona ni fitina tu. Katika karne ya 19 Joseph Victor von Scheffel alitunga wimbo wa kuchekesha juu ya vita hivyo, wanafunzi wakauimba. Lakini sanamu ya Arminius iliyozinduliwa karibu na Detmold mwaka 1875 haichekeshi: imeinua upanga wa mita 7, na inatazama magharibi, kuelekea Ufaransa. Adui wa kale alikuwa amepewa sura ya jirani.

Mimi namfikiria zaidi Segestes. Ukweli ulitoka kwa mtu wa upande wa pili. Pale Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, watu wameuana miaka ya karibuni. Tukiwafundisha watoto kwa wimbo kwamba binti wa Lango haaminiki, nani wa upande ule atatuonya kabla moto haujawaka? Tuwaimbie na onyo la wazee, tafadhali, tusiliruke.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa binamu yangu na kilo mbili za sukari, nikamwomba mkewe radhi. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniuliza, "Shemeji, yule msichana wa kwenye wimbo aliitwa nani?" Nimeuimba tangu utotoni. Sikuweza kumtajia.