Mwambieni kabla hajalipa

Wajukuu zangu wa Uvira, ninyi mnaounda maboti Kalundu, mnaofunga sola, mnaotengeneza programu za simu, ketini niseme nanyi. Nawapenda, ndiyo maana sinyamazi.

Makampuni makubwa ya dunia yanawafundisha tabia mbaya: toa kitu leo, kiite kimekamilika, utakitengeneza mnunuzi akishalia. Wanangu, msiifuate njia hiyo. Nawasihi, msiifuate.

Sikilizeni ilikofika. Boeing ya Marekani iliuza ndege aina ya 737 MAX. Ndani yake mlikuwa na programu yenye nguvu ya kuinamisha pua ya ndege, nayo ilitegemea kipimo kimoja tu. Marubani hawakuambiwa kwamba ipo. Oktoba 2018 moja ya ndege hizo, ya Lion Air, ilianguka baharini Indonesia, wakafa watu 189. Kampuni ikasema inarekebisha programu. Ndege nyingine zikaachwa ziruke.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya aina hiyohiyo, ya Ethiopia, ikatoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Haikufika. Watu 157, hakupona hata mmoja. 32 walikuwa Wakenya, majirani zetu. Marekebisho yalikuwa bado njiani.

"Tunarekebisha." Neno hilo, mjukuu wangu, usimwambie mtu aliyekwisha kupanda. Mwenye pupa ya bei husahau msumari, na maji hayasahau tundu.

Sikatazi kujaribu. Jaribuni sana! Makerere, Uganda, walipounda gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, walilionyesha kama gari la majaribio. Hiyo ni heshima.

Na Liemba, ile meli ya ziwa letu, mnaijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaundwa tena Kigoma na kushushwa majini 1915. Vitani ikazamishwa. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mwaka 1997 ndiyo iliyowarudisha ndugu zetu waliokimbilia Kigoma. Chombo kilichokazwa kwa subira hata kikizama huinuliwa.

Basi boti lako likiwa halijapimwa kwa mzigo na upepo, mwambie mama wa Makobola anayepanda na ndagala zake: hili bado la majaribio. Programu yako ya pesa ikiwa bado inapoteza hesabu, usimpe mwenye duka aweke humo akiba ya watoto wake.

Mwambieni kabla hajalipa. Nawaomba, wanangu, kabla hajalipa.