Je, Kusamehe ni Kuacha Haki?

Usiku wa Agosti 8, 2022, huko Mwakata wilayani Kahama, ajali ya lori na magari mengine iliua watu wapatao 20. Katika misiba ya namna hii twasema, "Ni mapenzi ya Mungu, tusamehe." Naam, tusamehe. Lakini breki mbovu si mapenzi ya Mungu. Sheria yalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 yamhudumia asiye na uwezo. Zakayo alisamehewa, naye akaahidi kurudisha. Basi tumsamehe dereva, tena tudai fidia: yatima wapate karo, na mwenye lori aogope kulirudisha barabarani likiwa bovu.