Kununua Miaka ya Mmea

Katika majangwa ya Mexico na Texas kuna kaktusi ndogo iitwayo Ariocarpus. Ikikomaa haina miiba. Umbo lake ni kama jiwe lililopasuka. Anayetaka kuiotesha nyumbani hupanda mbegu katika chungu chenye mchanga na changarawe, penye mwanga, na maji humpimia, maana yakizidi mzizi wake mnene huoza. Mwaka wa kwanza huona kijipunje tu. Ua la kwanza mara nyingi hulingojea miaka 10 au zaidi.

Basi wako wasiotaka kungoja. Wanataka mmea mzee leo hii. Na kwa kuwa wanalipa, mwizi huenda jangwani kuung'oa. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktusi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa zimeng'olewa katika jangwa la Atacama, inchi ya Chile. Mwaka 2021 mamia yake yakarudishwa huko.

Mnunuzi husema: "Mimi sikuiba, nimetoa fedha yangu." Je, jawabu hilo latosha? Mtu aliyeutunza mche miaka 10 ametoa miaka yake, na ni haki alipwe. Lakini mwizi hakungoja hata siku moja. Auza uzee asioulea, na mnunuzi ndiye amtumaye. Wengine hupachika mche juu ya kaktusi nyingine ili ukue upesi. Hilo silioni kuwa kosa, kwa maana haraka yao haimnyang'anyi mtu.

Kwa hiyo ukionyeshwa mmea mkubwa, muulize muuzaji kwanza: ulipandwa na nani, na mwaka gani?