Vitalu vya Makaburi ya Tongoni

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya Pangani, akifika Tongoni na kuteremka upande wa bahari, hukuta gofu la msikiti na, ubavuni mwake, makaburi yapatayo 40, mengi yamezungushiwa vitalu vya mawe ya matumbawe vilivyosiribwa kwa chokaa, na baadhi yana nguzo ndefu upande wa kichwa; wala hapajulikani pengine katika mwambao wetu palipokusanyika nguzo za namna hii kwa wingi kama hapo. Wajuzi huyanasibisha majengo hayo na karne ya 14 na ya 15, yaani yalikuwako kabla Vasco da Gama, kwa kupungukiwa na mabaharia, hajaichoma moto merikebu yake São Rafael karibu na mafungu ya Mtangata, katika pwani hii hii, mwaka 1499. Ukiisogelea nguzo utaona vishimo vya mviringo: humo yalitiwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina, nayo yamekwisha kubanduliwa, imebaki alama yake tu katika chokaa.

Swali zito la mahali hapa, nionavyo mimi, ni la dini. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi lisitiwe chokaa wala lisijengewe. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi pwani, wamelihesabu jambo hilo kuwa makuruhu, na katika makaburi ya wakfu kuwa haramu. Basi itakuwaje Muislamu atoe mali yake, au nguvu zake, kuzihifadhi kuta ambazo lau angaliulizwa siku ya kujengwa kwake ingalimpasa kuzikataa? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yamzuia mtu kuzivunja, lakini dhamiri haitulizwi kwa hofu ya hakimu.

Jawabu naliona katika khabari ile ile ya Mtume, kwani pamoja na chokaa na jengo, imekatazwa pia mtu kuketi juu ya kaburi. Katazo la kwanza lamzuia aliye hai asijifakharishe kwa maiti wake. La pili lamlinda maiti na dharau ya walio hai. Waliojenga Tongoni, fakhari yao, kama ilikuwako, imekwisha nao, na hesabu yake iko kwa Mola. Kilichosalia ni kitalu kinachomwambia mchunga mbuzi na mwenye jembe kwamba hapa amelala mja wa Mungu. Ukikibomoa ili kulitii katazo la kwanza, umelivunja la pili, maana ardhi isiyo na alama hulimwa.

Lakini hoja hii ina mpaka, nao wamgusa fundi mwenyewe. Kukizuia kitalu kisianguke ni kumstahi maiti. Kukipamba upya ni kujenga. Kwa hiyo naikataa kabisa rai ya kutia mabakuli mapya katika vishimo vile. Naikataa na saruji: chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, ikarowekwa na kuchanganywa na mchanga, ni laini, huuacha unyevu na chumvi ya bahari vitoke ukutani, saruji huvifungia ndani, na jiwe lililo nyuma yake huliwa hata likawa unga, huku uso wa ukuta waonekana mzima. Nguzo iliyokwisha kuanguka na ilale ilipoangukia. Ile inayoinama ndiyo ya kutiwa mhimili, tena kabla ya masika, maana maji ya mvua huchimbua udongo wa chini yake.