Kinywa cha Mlevi

Ndugu wakatekumeni wa Murara,

Kabla ya ubatizo padri hugusa masikio na midomo ya mkatekumeni. Basi mtamletea kinywa cha namna gani?

Kasiksi kidogo arusini si dhambi. Bwana wetu naye alikuwako Kana. Lakini mtazameni anyweaye kanyanga kila jioni. Kinywa chamkauka, na mate ndiyo yalindayo meno; ufizi watoka damu, meno yaoza. Ini laharibika kimya kwa miaka mingi. Akivuta na tumbako, hatari ya kansa ya kinywa huzidi sana. Tangu 1988 wataalamu wa ulimwengu wameihesabu pombe kati ya visababishi vyake. Habari za fedha ya unga mwazijua kuliko mimi.

Mwenye kidonda mdomoni kisichopona kwa majuma 3, asikisukutue kwa kanyanga. Aende hospitali, wala asingoje Pasaka.